Mazuku, radi na fahamu: fizikia ibaki ilipo au ipanue mipaka?

Nafundisha fizikia hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Somo la gesi huwa silianzii kitabuni, nalianzia kwenye mazuku, yaani mashimo yanayojaa gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini, maana hakuna mtoto wa mitaa yetu ya Kyeshero au Mugunga asiyelijua neno hilo. Nachora ubaoni shimo katikati ya mawe ya volkano, kisha naandika uzito wa kaboni dioksaidi kando ya uzito wa hewa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inateremka na kutuama bondeni kama maji. Usiku upepo ukilala na ardhi ikipoa, shimo linajaa. Jua likipanda na upepo ukiamka, inatawanyika. Mbuzi hufa kabla ya mchungaji wake kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Na hewa unayovuta ikiwa na sehemu moja kati ya kumi ya gesi hiyo, unapoteza fahamu kwa dakika chache, na usipotolewa uhai nao unafuata.

Mwaka mmoja msichana wa darasa la mwisho, aliyefiwa na baba yake mdogo ndani ya shimo la namna hiyo, alinyoosha mkono. "Mwalimu, umetuonyesha kinachoingia. Hiyo fahamu inayotangulia kutoka, nayo ni ya fizikia?"

Nilimjibu kwamba aulize kwenye somo la biolojia. Aliketi, na darasa likaendelea. Jibu lile halijanitoka moyoni hadi leo, na sasa msichana huyo anachagua masomo ya chuo kikuu huku akisikia kauli mbili zinazovutana: moja inasema fizikia ibaki kwenye vitu inavyoweza kupima, nyingine inasema ikibaki hapo itakuwa imelikimbia jambo kubwa kuliko yote. Nimeziweka hapa kando kwa kando, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye chaguo kama lake.

Kila upande unavyojitetea

Upande wa kwanza nauita wa uzio. Unasema fizikia ilipata nguvu zake kwa kukataa. Mwaka 1623 Galileo aliandika kwamba ladha, harufu na rangi vimo ndani ya anayehisi, na vilivyomo katika vitu vyenyewe ni umbo, ukubwa, idadi na mwendo, yaani mambo yanayoandikika kwa hesabu. Shamba likazungushiwa uzio, na ndani ya uzio huo tumevuna umeme, redio, setilaiti na simu iliyo mkononi mwako. Mtu wa uzio hakatai kwamba fahamu ipo. Anasema tu kwamba haina gramu wala volti, na asichoweza kukipima hana haki ya kukisemea.

Upande wa pili ni wa mlango wazi. Unajibu kwamba Galileo aliviweka kando vile vitu ili kazi ianze, nasi tukaigeuza hatua ya kuanzia kuwa amri ya kudumu. Ulimwengu una fahamu ndani yake. Ushahidi ni wewe unayesoma mstari huu na kuuelewa. Basi maelezo ya ulimwengu yasiyoitaja fahamu yana pengo. Wengi wa upande huu huongeza mambo mengine yaliyobaki nje ya uzio: mpira wa moto unaoelea wakati wa dhoruba, mtu kuhisi msiba wa ndugu aliye mbali, ndoto inayotimia, nguvu za akili juu ya vitu.

Nieleze mapema ninakoegemea. Haya mambo mawili, matukio yasiyoelezwa na fahamu, huwekwa kwenye kapu moja, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Kwa matukio, mimi ni mtu wa mlango wazi bila kusita. Kwa fahamu, nina masharti.

Uzio unapogharimu maisha ya mtu

Kwetu Kivu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta tukio lenye utata. Tuna radi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kutokana na vipimo vya setilaiti vya miaka 16, uliiweka Kabare, hapo jirani na Bukavu, nafasi ya pili duniani na ya kwanza Afrika: miali 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ni Ziwa Maracaibo la Venezuela tu lililoizidi, kwa miali 233. Hewa yenye unyevu kutoka misitu ya magharibi inakutana na milima ya bonde la ufa, ziwa linaongeza mvuke wake, na mawingu yanapanda juu mno karibu kila alasiri ya msimu wa mvua.

Sasa nenda kijijini baada ya radi kuua. Hutaulizwa habari za mvuke. Utaulizwa: kwa nini nyumba hii ikaachwa ile? Nani aliituma? Na macho huelekea kwa yule yule kila mara, mama mzee anayeishi peke yake, asiye na mtoto wa kumtetea. Mwalimu wa uzio akisema "hayo ni ushirikina, si somo letu", anadhani amejilinda na uongo. Ukweli ni kwamba ameliacha swali barabarani, na wa kwanza kuliokota ni mtu mwenye kiberiti.

Swali la "kwa nini nyumba hii" lina majibu, na ni ya fizikia tupu. Iko juu ya mgongo wa kilima. Ina mti mrefu ulio peke yake kando ya ukuta. Umeme ukifika ardhini hausimami hapo. Unatandaa, na nguvu yake hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Mnyama mwenye miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana unampita kutoka mguu hadi mguu, kupitia moyoni. Ndiyo maana ng'ombe watano waliojikinga chini ya mti mmoja wanaweza kufa pamoja huku mchungaji aliyesimama kwa miguu iliyobanana akabaki hai. Atakapobaki hai watasema alikuwa na dawa. Nimefundisha watoto wakubwa ambao walikuwa hawajawahi kuambiwa jambo hili na mtu yeyote aliyesomea fizikia, na wanatoka mahali panapopigwa radi kuliko karibu kila mahali duniani.

Hata mazuku wenyewe waliingia katika sayansi kwa mlango huo. Watu wa hapa walikuwa tayari wanajua kwamba kuna mahali pabaya, kwamba ubaya huja usiku na alfajiri, kwamba mtoto hufa kabla ya mtu mzima. Walikuwa na data nzuri yenye maelezo mabaya. Aliyewacheka alipoteza data pamoja na maelezo. Aliyesikiliza, kisha akashusha kipimo cha gesi shimoni, alipata yote.

Wafaransa wawili, miaka mia moja

Usidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Mwishoni mwa karne ya 18 wasomi wengi wa Ulaya walikataa kwamba mawe yanaanguka kutoka mbinguni. Walisema ni hadithi za wakulima. Tarehe 26 Aprili 1803 mawe yapatayo elfu tatu yalianguka karibu na mji wa L'Aigle huko Normandie. Serikali ikamtuma Jean-Baptiste Biot, kijana mwanafizikia. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akawahoji watu wa kila hali waliokuwa hawajasikilizana, akalinganisha mawe yale na mawe ya eneo lile, akachora ramani ya yalikoangukia. Ramani ikatoa umbo la duaradufu iliyonyooka upande mmoja, jambo ambalo wakulima wasingeweza kulibuni kwa pamoja hata wangetaka. Tangu hapo vimondo ni sehemu ya sayansi.

Miaka mia baadaye, mwaka 1903, katika mji wa Nancy, profesa mwenye heshima aitwaye René Blondlot alitangaza kwamba amegundua miale mipya, akaiita miale N kwa heshima ya mji wake. Ilionekana kwa macho tu, gizani, kwa mng'ao mdogo unaoongezeka kidogo sana. Watafiti kwa makumi wakaiona nao. Wengine walisema inatoka hata katika mishipa ya fahamu ya binadamu. Mwaka 1904 Mmarekani Robert Wood alikwenda kutazama. Giza lilipoingia aliondoa kimyakimya prizimu, kipande cha kupinda miale, iliyokuwa kiini cha jaribio. Blondlot aliendelea kusoma vipimo vyake kana kwamba prizimu ipo.

Hawa wawili hupenda kutajwa na pande zinazopingana, kila mmoja akimchukua wake. Mimi huwafundisha katika kipindi kimoja. Biot alipanua mipaka ya fizikia na hakupunguza ukali wa vipimo hata kidogo. Blondlot alikuwa ndani kabisa ya uzio, na cheo na maabara, ila macho yake yalikuwa yameshaamua. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama jambo fulani "linafaa" fizikia, usitazame jina la jambo. Tazama kama kuna mtu anaweza kuondoa prizimu gizani na matokeo yakabadilika.

Kwa kipimo hicho, mpira wa moto wa dhoruba umeshaingia: mwaka 2012 watafiti wa China waliokuwa wakichunguza radi kwenye nyanda za juu za Qinghai waliunasa mmoja kwenye kamera zao, na mwanga wake ukaonyesha silikoni, chuma na kalsiamu, elementi za udongo wenyewe. Nguvu za akili juu ya mashine hazijaingia. Maabara moja ya Chuo Kikuu cha Princeton ilizifanyia kazi kuanzia 1979 hadi 2007. Iliporudia majaribio pamoja na maabara mbili za Ujerumani, matokeo yaliyotoka mwaka 2000 hayakuonyesha ile athari kuu iliyodaiwa. Milango ilifunguliwa kwa miaka 28, na kilichotarajiwa hakikupita. Hapo sina neno zaidi.

Fahamu: hapa penye uzito

Fikiria joto. Kabla ya kipimajoto, joto na baridi vilikuwa hisia. Mtu wa Bukavu akishuka Uvira analalamikia joto, na mtu wa Uvira hapo hapo anajifunika shuka, nani mkweli? Wote. Joto liliingia katika fizikia pale ilipopatikana bomba la kioo ambalo watu wawili wanaohisi tofauti wakilitazama wanasoma namba moja. Hisia haikufa, lakini ilipata mwenzake wa nje.

Swali la fahamu ni hilo hilo: je, ina mwenzake wa nje?

Mtu wa uzio akisema haina na haitakuwa naye, mkumbushe Hans Berger. Akiwa kijana jeshini huko Ujerumani, miaka ya 1890, alianguka na farasi akanusurika kusagwa na gurudumu la mzinga. Siku hiyo hiyo akapokea telegramu kutoka kwa baba yake: dada yake alikuwa amehisi kwamba kaka yuko hatarini. Berger akaamini kwamba akili moja imepeleka nguvu kwa nyingine, akasomea udaktari ili aitafute nguvu hiyo. Mwaka 1924 alirekodi kwa mara ya kwanza umeme wa ubongo wa mwanadamu kutoka kichwani, na mwaka 1929 akauchapisha. Simu ya akili kwa akili hakuipata. Alitupatia kifaa ambacho hadi leo madaktari hukitumia kwa wagonjwa wa kifafa na wa usingizi. Napenda kisa hiki kwa sababu hakimpi ushindi mtu yeyote: imani iliyomtuma haikuthibitika, na kama asingetumwa nayo huenda asingechimba pale.

Kisha kuna jambo lililotokea Cambridge, lililochapishwa mwaka 2006. Mwanamke wa miaka 23, aliyeumia katika ajali ya gari, alilala macho wazi bila kujibu chochote. Waganga waliandika kwamba hana fahamu. Mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimwingiza kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, ambayo ni fizikia ya sumaku na viini vya atomu toka mwanzo hadi mwisho, wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikawaka, kama kwa mtu mzima wa afya. Wakamwambia: fikiria unatembea nyumbani kwako. Ikawaka sehemu nyingine. Alikuwepo. Alikuwa akisikia.

Yeyote aliyekaa kando ya kitanda cha ndugu aliyezimia, akimwimbia wimbo wa kanisani bila kujua kama anaongea na mtu au na ukuta, anajua thamani ya kipimo hicho. Tangu 2013 kuna kipimo kingine ambacho kusomwa kwake hakuhitaji MRI: mapigo ya sumaku hugonga fuvu, na elektrodi za kichwani, kama zile za Berger, husikiliza mwangwi. Ni kama mama anavyogonga chungu sokoni kusikia kama kina ufa. Ubongo ulio macho, au unaoota, hurudisha mwangwi wenye mchanganyiko mwingi. Uliolala fofofo au uliotiwa nusukaputi hurudisha mwangwi duni. Mchanganyiko huo unapewa namba.

Hapo mlango wazi umeleta chakula mezani. Lakini upande huo huo una watu waliokimbia mbele ya vipimo. Mwaka 1961 mwanafizikia Eugene Wigner alipendekeza kwamba fahamu ya mtazamaji ndiyo inayokamilisha kipimo katika fizikia ya kwantumu, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu. Baadaye mwenyewe aliachana na wazo hilo. Roger Penrose, aliyepata Nobel mwaka 2020 kwa kazi yake ya mashimo meusi, ameshikilia tangu 1989 kwamba fahamu inatokana na mambo ya kwantumu ndani ya ubongo. Mwanafizikia Max Tegmark alipiga hesabu mwaka 2000 akaona kwamba hali kama hizo, katika ubongo wenye joto na majimaji, zingevunjika kwa chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, ilhali seli za ubongo hufanya kazi kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde au zaidi. Na nadharia ya Giulio Tononi ya mwaka 2004, inayodai kupima fahamu kwa namba moja, mwaka 2023 ilishutumiwa katika barua ya wasomi zaidi ya mia kwamba si sayansi. Barua ile sikuipenda. Nadharia hujibiwa kwa jaribio, haijibiwi kwa wingi wa sahihi.

Tazama basi tofauti iliyopo. Owen hakudai kueleza fahamu ni nini. Alitafuta dalili yake ya nje na kuiwekea mtego ambao ungeweza kumwonyesha kwamba amekosea. Mwanafalsafa David Chalmers aliita mwaka 1995 swali lililobaki kuwa tatizo gumu: hata tukijua kila seli inafanya nini, kwa nini kunakuwa na mtu ndani anayehisi? Kwa swali hilo sijaona kipimajoto. Wanaodai kwamba fizikia tayari inalo jibu wananifanya niogope, hasa hapa kwetu, ambako neno "kwantumu" limeanza kusikika kwenye spika za wauza dawa za kila ugonjwa. Muumini aliyeuziwa chupa kwa jina la fizikia amedhulumiwa kama yule mama mzee wa kijijini.

Nirudi kidogo kwenye shimo. Kuna watu wanaoteremka mahali penye mazuku wakitanguliza mshumaa. Ukiendelea kuwaka wanajiona salama. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo gesi tayari inatosha kumwangusha mtu, kwa sababu moto unategemea zaidi oksijeni iliyobaki, ilhali kaboni dioksaidi inaishambulia damu na ubongo yenyewe. Wanatumia kipimo cha jambo moja kupimia jingine. Ndivyo ninavyowaona wengi wanaoshika hesabu za kwantumu kusemea fahamu.

Kama wewe ndiye unayechagua

Kama unapenda fahamu yenyewe, anza na fizikia ya ndani ya uzio: umeme, sumaku, mawimbi, takwimu. Miaka mitatu ya licence, shahada ya kwanza, si mingi. MRI na elektrodi hazimtii mtu asiyejua zinavyofanya kazi, na huko mbele utakutana na watu wa biolojia na udaktari ambao watakuhitaji kwa ajili ya hilo hasa. Ukianzia kwenye nadharia kubwa za fahamu utakuwa na maneno mengi na mikono mitupu.

Kama kinachokuvuta ni matukio ambayo watu wanayashuhudia na hawaelezwi, usiende mbali. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947, kimo Kabare kwenyewe, chini ya radi. Hapa Goma kuna wanaofuatilia volkano na gesi zake. Chukua daftari kama Biot: nani aliona, alisimama wapi, saa ngapi, na je, majirani wawili ambao hawajaongea wanasema jambo moja?

Na kama unatafuta fizikia ithibitishe kile ambacho imani yako imekwisha kukuambia, tafadhali usiichague kwa kazi hiyo, iwe ya uzio au ya mlango wazi. Utaumia, na imani yako haihitaji cheti chake.

Msichana wangu nimemwita aje Jumamosi. Tutapeleka kipimo cha gesi kwenye shimo alikofia baba yake mdogo, saa nne, jua likiwa limepanda na upepo upo, tukiwa ukingoni na kukishusha kwa kamba. Tutasoma kwa urefu wa mtu mzima, kisha wa mtoto, kisha wa mbuzi, na yeye ndiye atakayeandika namba. Lile swali lake la darasani nitalijibu upya tukiwa pale: kwamba ni la fizikia pia, na kwamba nilikosea kumfukuza nalo.